Kwa nini tunakagua seva kabla ya kusimika kanzidata, na kwa nini ukaguzi unalipiwa

Lalamiko tunalolisikia kuliko jingine lolote, ambalo wiki hii limeletwa tena kwa maneno makali na mteja wetu mwenye duka la dawa la jumla Kariakoo, ni kwamba tunawalazimisha watu kununua mashine kubwa kuliko wanayoihitaji. Mzee huyo alisoma mwenyewe maelezo ya watengenezaji wa SQL Server, programu ya kuendesha kanzidata, akakuta yameandikwa kwamba programu hiyo ikisimikwa kwenye mfumo endeshi wa Linux inahitaji RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya gigabaiti 2, nafasi ya diski ya gigabaiti 6 na prosesa yenye viini viwili. Alipoigeukia proforma yetu, alikuta RAM ya gigabaiti 16, diski mbili za SSD, UPS (kifaa kinachoshikilia umeme unapokatika), na chini yake mstari wa shilingi 150,000 wa ukaguzi wa awali. "Vijana wangu, mnaniuzia hewa," alituandikia. Mzee wetu huyu tunamheshimu, na kwa kuwa wapo wengine wenye dukuduku kama lake ambao hawajatuandikia, tumeona ni vyema tujibu kwa kirefu na mahali ambapo kila mteja atasoma.

Alichokisoma ni sahihi. Gigabaiti 2 ndicho kiwango ambacho chini yake SQL Server inakataa kuwaka kwenye Linux. Aliyeandika maelezo hayo hakujua, wala hakuwa na namna ya kujua, kwamba duka litakuwa na kaunta kadhaa zinazouza kwa wakati mmoja, kwamba mhasibu atavuta ripoti ya miezi mitatu saa tano asubuhi wakati foleni imefika mlangoni, na kwamba kila boksi la dawa linaingizwa na namba ya toleo lake na tarehe ya kwisha muda wake. Alikuwa anaeleza programu itawaka wapi. Sisi tunaulizwa kama duka litauza.

Gigabaiti 16 hatukuzitoa hewani. Kanzidata ya duka lile imeshafika takribani gigabaiti 30, lakini sehemu inayoguswa kila siku, yaani mauzo ya mwaka huu, orodha ya bidhaa na hesabu ya stoo, ni kama gigabaiti 8. Sehemu hiyo ikienea yote ndani ya RAM, keshia akiandika jina la dawa jibu linatoka papo hapo. Isipoenea, kila swali linakwenda kuchimbwa kwenye diski, na maswali ya kaunta zote yanaanza kusubiriana. Kwa kawaida SQL Server kwenye Linux hujiwekea ukomo wa asilimia 80 ya RAM ya mashine. Asilimia 80 ya gigabaiti 2 ni gigabaiti 1.6, na humo humo programu inapaswa kujiweka yenyewe, kuweka data na kuhudumia kila aliyeingia. Asilimia 80 ya gigabaiti 16 ni 12.8: zile 8 zinaenea, nafasi ya kukua inabaki, na zaidi ya gigabaiti 3 zinaachiwa Linux yenyewe na kazi ya bakapu ya usiku. Hesabu hii tuliiweka kwenye ripoti ya ukaguzi, ukurasa wa pili, na ndiyo mojawapo ya vitu ambavyo shilingi 150,000 ililipia.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya nusu siku. Fundi anakaa na mashine, anaangalia toleo la Linux na la kerneli (moyo wa Linux), aina ya prosesa, RAM, swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), jinsi diski ilivyogawanywa, mfumo wa mafaili uliotumika, ukomo wa mafaili na michakato (programu zinazoendeshwa) ambayo mtumiaji mmoja anaruhusiwa kufungua, na saa ya seva. Baada ya hapo anakaa na watu wanaotumia mfumo, kwa sababu ni keshia na mtunza stoo wanaojua ni saa ngapi mambo yanakuwa mazito. Wateja wengi hudhani sehemu ya kwanza ni kubofya tu na sehemu ya pili ni mazungumzo, ndiyo maana wanaona hakuna cha kulipia.

Wanaoukwepa hupita njia za mkato. Ya kwanza ni kukubali mgawanyo wa diski kama ulivyopendekezwa, suala ambalo ndilo linalotuletea kazi nyingi za dharura. Muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi Buguruni alisimikiwa kanzidata ya MySQL na kijana aliyekubali kila kitu ambacho CentOS 7, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilipendekeza wakati wa usimikaji. Mgawanyo wa kawaida wa CentOS 7 kwenye diski kubwa unaipa sehemu kuu ya mfumo gigabaiti 50 tu, na nafasi karibu yote inayobaki inapelekwa /home, ambako watumiaji huweka mafaili yao binafsi. MySQL huweka data yake kwenye /var/lib/mysql, yaani ndani ya zile gigabaiti 50. Mfumo ulikwenda vizuri kwa muda mrefu. Siku moja karibu na mwisho wa mwezi, skrini za kaunta ziliganda katikati ya mauzo bila kuonyesha kosa lolote, kwa sababu MySQL ikikosa nafasi haizimiki: inasimama na kusubiri, na kila dakika inaangalia kama nafasi imepatikana. Wafanyakazi wakaizima na kuiwasha seva kwa swichi, mara kwa mara, jambo ambalo ni hatari zaidi kuliko tatizo lenyewe. Tulipofika na kuandika amri ya df, inayoonyesha nafasi ya diski, sehemu kuu ilisomeka asilimia 100, na mstari wa chini yake /home ilisomeka asilimia 1, ikiwa na zaidi ya gigabaiti 400 ambazo hazijaguswa. Mteja alikuwa na nafasi tele aliyoilipia kwa fedha yake, na biashara imesimama kwa kukosa nafasi. Tulihamisha data usiku kucha, tukarekebisha vibali vya usalama vya folda mpya, tukahakiki jedwali moja baada ya jingine, na ankara ya usiku ule ilizidi mara kadhaa gharama ya ukaguzi ambao ungeliona jambo hilo kwa amri moja. PostgreSQL, kanzidata nyingine, isingesubiri hivyo. Diski ya kumbukumbu zake za miamala ikijaa, inazimika.

Njia ya mkato ya pili ni kununua seva kwanza na kumwita fundi baadaye. Tunaelewa kwa nini watu hufanya hivyo, maana seva za mtumba zinapatikana kwa bei nzuri na nyingi bado ni imara. Kampuni moja changa ya kusambaza vifurushi, ya Sinza, ilinunua mashine ya namna hiyo yenye RAM ya gigabaiti 64 na prosesa mbili za Xeon za mwaka 2010, na kwa karatasi ilikuwa mashine ya kujivunia. Programu yao ilihitaji kanzidata ya MongoDB toleo la 5.0. Kuanzia toleo hilo, MongoDB kwenye prosesa za Intel na AMD inahitaji maagizo ya AVX (amri za hesabu zilizojengwa ndani ya prosesa), ambayo Intel ilianza kuyaweka kwenye prosesa zake mwaka 2011. Usimikaji ulikwenda hadi mwisho bila tatizo, lakini kila huduma ilipowashwa ilikufa papo hapo ikiandika kwamba imekutana na agizo lisilojulikana na prosesa. Kijana wao aliisimika upya akidhani faili limeharibika, kisha akabadilisha toleo la Linux, wakati ambapo hakuna RAM, diski wala juhudi inayoweza kuiongezea prosesa agizo ambalo haikuzaliwa nalo. Mashine ile sasa inatunza bakapu zao, nao wamenunua nyingine. Mwuzaji hakuwadanganya, walimuuliza kuhusu RAM, naye aliwajibu kuhusu RAM.

Ya tatu inatuudhi kuliko zote, kwa sababu hufanywa na mafundi wenzetu. Programu ya kusimika kanzidata ya Oracle hukagua mashine yenyewe kabla ya kuendelea: inaangalia kama swapu inalingana na RAM kwa mashine zenye RAM kati ya gigabaiti 2 na 16, kama /tmp ina angalau gigabaiti 1, kama vigezo vya kerneli na ukomo wa michakato vimewekwa. Ikikuta upungufu inatoa onyo, na ipo chaguo ya kuiambia ipuuze maonyo yote na isonge mbele. Taasisi moja ya mikopo ilisimikiwa Oracle 19c kwa kupuuza hivyo, ukomo wa michakato ukiwa umebaki ule mdogo wa kawaida. Majaribio yalipita, kwa kuwa walioingia walikuwa watu watatu. Asubuhi ya siku ya mishahara, matawi yote yalipofungua, waliowahi kuingia waliendelea na kazi na waliochelewa wakakataliwa, maana Linux ilikuwa imegoma kuanzisha mchakato mpya kwa ajili yao. Mameneja walilaumu intaneti, wakabadilisha ruta, na mtoa huduma wa mtandao akaitwa bila sababu. Tulipofungua faili la matukio tulikuta Oracle imeandika bayana, kwa namba ya kosa 27300, kwamba mfumo umekataa kuzalisha mchakato. Marekebisho yalikuwa mistari michache kwenye faili la ukomo na kuiwasha upya kanzidata, lakini kuifikia mistari hiyo kulichukua siku nzima ya watu kukaa benchi wakisubiri fedha zao.

Baada ya simulizi hizi atakayesema kwamba bado tunatafuta visingizio vya kuuza mashine, tungependa ajue pia habari ya mteja wa Tegeta aliyekuja akiwa tayari amepanga bajeti ya seva ya gigabaiti 64 kwa ajili ya Oracle XE, lile toleo lisilolipiwa. Toleo la 21c la XE linatumia RAM isiyozidi gigabaiti 2, nyuzi mbili za prosesa na data ya gigabaiti 12 basi; iliyozidi hapo ingekaa bure. Tulimwandikia mashine ndogo, fedha iliyobaki akanunulia UPS na diski ya nje ya bakapu, na sisi tukapata faida ndogo zaidi kwenye kazi ile kuliko tungepata tukinyamaza.

UPS hatuitoi kwenye proforma hata mteja akiomba. Haipo kwenye orodha ya mahitaji ya mtengenezaji yeyote, ni kweli, lakini kanzidata hutegemea ahadi ya diski kwamba kilichoandikwa kimeandikwa, na zipo diski za bei nafuu zinazotoa ahadi hiyo wakati data ingali kwenye kumbukumbu yake ya muda. Umeme ukikatika katika sekunde hiyo, kinachopotea ni muamala ambao mteja ameshapewa risiti yake.

Na wanaotuomba tuwasimikie CentOS 7 kwa sababu maelezo ya programu yao yanaitaja, tunawajibu hapa wote kwa pamoja: muda wake ulikwisha tarehe 30 Juni 2024, haipati tena marekebisho ya usalama ya bure, na hatuisimiki kwa kazi mpya. AlmaLinux na Rocky Linux, matoleo mengine ya Linux, zipo, hazilipiwi, na mara nyingi mwenye programu akiulizwa vizuri anakubali.

Hilo la kutolipiwa ndilo linalotuletea neno jingine, kwamba PostgreSQL ni ya bure, hivyo tunatoza nini. Ni ya bure kweli, na hatujawahi kuweka bei yake kwenye ankara. Tunachotoza ni saa za fundi, na dhamana yetu ya miezi sita: tatizo likitokana na jinsi tulivyosimika, tunakuja bila malipo, hata kama ni Jumapili usiku. Dhamana hiyo hatuwezi kuitoa juu ya mashine ambayo hatukuikagua, na bei yetu imepangwa kwa kuzingatia hivyo. Yupo atakayewafanyia kwa nusu ya bei. Muulizeni kwanza ataweka data kwenye sehemu ipi ya diski na kwa nini.

Kuanzia sasa utaratibu wetu utakuwa huu. Kabla hujanunua seva, tutumie picha ya maelezo yake kutoka kwa mwuzaji; kama unayo tayari, tutumie majibu ya amri tatu, lscpu, free -h na df -h, zinazoonyesha prosesa, RAM na nafasi ya diski, pamoja na jina na toleo la kanzidata unayotaka na idadi ya watu watakaoitumia kwa wakati mmoja. Kwa hayo tutakuambia bila malipo kama mashine hiyo inafaa hata kufikiriwa. Ukaguzi kamili unabaki shilingi 150,000 ndani ya Dar es Salaam, na ukitupa kazi ya kusimika, fedha hiyo inapunguzwa kwenye ankara ya mwisho. Ripoti ni mali yako, ukitaka kuipeleka kwa fundi mwingine hatuna kinyongo. Mzee wetu wa Kariakoo fedha yake ya ukaguzi imeshapunguzwa kwenye ankara aliyotumiwa jana, na tunamwomba aangalie mstari wa nne.