Barua kuhusu Giovanni Fattori

Firenze

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na wote wa nyumbani. Katika barua yako ya mwisho ulisema huzipendi picha za vita, kwa kuwa zote ni bendera, farasi waliosimama kwa miguu ya nyuma na jenerali aliyeinua upanga. Jana nilisimama kwa muda mrefu katika jumba la Palazzo Pitti mbele ya picha iliyochorwa na Mwitaliano Giovanni Fattori, nikaona hilo ndilo jibu langu kwako.

Picha hiyo inaonyesha kambi ya Waitalia baada ya mapigano ya Magenta, mji ulio karibu na Milano, yaliyotokea tarehe 4 Juni 1859 baina ya Waaustria na majeshi ya Ufaransa na Piemonte, dola ya kaskazini mwa Italia. Upana wake unapita mita tatu, lakini ndani yake hakuna anayempiga mwenziwe. Kinachovuta jicho ni gari la majeruhi, na watawa waliovaa vilemba vyeupe vipana wakimhudumia askari ambaye hana tena nguvu za kujiinua. Fattori aliimaliza mwaka 1862, baada ya kushinda shindano la serikali ya Toscana, jimbo la hapa Firenze, naye alikuwa mzaliwa wa Livorno wa mwaka 1825 ambaye hadi hapo hakuwa na jina kubwa.

Mkono wake ulikuwa umekomaa mwaka ule ule wa 1859, askari wa Kifaransa walipopiga kambi katika bustani ya Cascine hapa Firenze. Aliwachora juu ya vibao vidogo vya mbao, migongo na vivuli vyao, bila kuhangaikia nyuso. Yeye na wenzake waliitwa Macchiaioli, kutokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya doa, kwa sababu walilijenga umbo kwa madoa ya mwanga na giza badala ya kulizungushia mistari.

Ndiyo maana zilinishangaza kazi zake za uzeeni, ambazo ni mistari mitupu. Alichukua bamba la zinki lililopakwa nta, akalikwaruza kwa sindano, kisha tindikali ikala palipokwaruzwa, na hapo wino ukapata pa kukaa, tayari kwa kuchapwa kwenye karatasi. Kwa njia hiyo aliwachora askari wapanda farasi na ng'ombe wa Maremma, nyanda za pwani ya Toscana, na kwangu mimi mikwaruzo hiyo ina ukweli kuliko picha zake nyingi kubwa. Alifariki hapa hapa mwaka 1908.

Ndani ya bahasha nimekutilia kadi ya picha yake ya mwaka 1880, ambamo askari aliyenaswa mguu anaburutwa na farasi wake kwenye barabara tupu. Tafadhali, anza kuitazama ile alama ya damu iliyobaki nyuma yake, halafu ndipo umtazame farasi.

Wako akupendaye