Riwaya za upelelezi zichapwe kwa bei ya sisi wenye kipato kidogo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme na wachapishaji wa vitabu, kwa niaba yangu na ya wasomaji wenzangu wanaopenda riwaya za upelelezi na za kutisha lakini ambao mshahara wao hauwaruhusu kupenda ovyo.

Mimi ni mlinzi wa usiku katika ghala la nafaka hapa Morogoro. Naingia lindoni saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, na huu ni mwaka wa tisa ambapo silaha yangu ya kupambana na usingizi, ukiacha kirungu, filimbi na chupa ya chai, ni kitabu. Si kila kitabu kinafaa kwa kazi hiyo. Cha mapenzi hunilegeza, na cha siasa hunilaza kabla ya saa nane. Lakini riwaya ambayo maiti imeokotwa katika ukurasa wa tatu na aliyeua hajulikani, au ile ambayo mlango wa chumba unasikika ukifunguliwa usiku ilhali mwenye chumba alizikwa jana, hiyo hunifanya nisikie hata panya anayepita juu ya magunia. Tajiri wangu anaijua tabia yangu hii na hajanikataza.

Kwa ajili ya vitabu nimejitengea shilingi 5,000 kila mwezi, na sijawahi kuzizidisha, kwa sababu zikizidi zitakuwa zimetoka kwenye unga. Riwaya mpya niliyoikuta dukani mara ya mwisho iliuzwa shilingi 14,000, yaani karibu miezi mitatu ya kusubiri kwa kitabu ninachokimaliza kwa mikesha miwili. Kwa hiyo mimi ni mteja wa vitabu vya mitumba, vile vinavyotandazwa chini kando ya barabara za katikati ya jiji la Dar es Salaam, ambako kwa shilingi 2,000 au 3,000, na maneno mawili matatu ya kubembelezana, mtu huondoka na kitabu mkononi. Kila ninapokwenda kumsalimu dada yangu Temeke, huhakikisha nimepitia huko kwanza, kwa sababu nikianzia kwa dada fedha hiyo haifiki.

Biashara hii ina elimu yake. Anayenunua riwaya ya upelelezi ya mtumba huanza kuikagua mwishoni, tena kwa jicho moja, ahakikishe kwamba kurasa za mwisho zipo bila kusoma kilichoandikwa humo. Kisha hupekua kurasa za mwanzo kutafuta kalamu ya mwenye kitabu wa zamani, kwa kuwa wako watu wasio na huruma: niliwahi kununua kitabu ambacho katika ukurasa wa tisa jina la mhusika mmoja lilikuwa limezungushiwa duara la wino mwekundu, na pembeni pameandikwa "ndiye huyu". Nilikisoma hivyo hivyo, kwa kuwa fedha ilikwisha toka, lakini ilikuwa kama kula wali usiotiwa chumvi.

Kukinunua, hata hivyo, ni nusu ya hesabu. Riwaya ya upelelezi, kwa mtu mwenye kipato kidogo, ina kasoro moja: ukishamjua muuaji, haikukeshi tena. Ndiyo maana vitabu vyangu havikai. Mlinzi wa ghala la jirani hukichukua changu nami nikachukua chake, mama anayetuuzia chai alfajiri hukipeleka kwa mwanawe aliye kidato cha tatu, na vijana wawili wa bodaboda hukisoma kwa zamu kijiweni wakisubiri abiria. Riwaya ya kutisha ni tofauti, na hapa natoa maoni yangu ambayo wengine wanaweza kuyapinga: hiyo husomeka mara ya pili na ya tatu, kwa sababu kujua kwamba kuna kitu nyuma ya mlango hakumwondolei mtu hofu ya kuufungua. Nikiwa na shilingi 3,000 na vitabu viwili mbele yangu, kimoja cha upelelezi na kimoja cha mizuka, hununua cha mizuka, nikaazima cha upelelezi.

Wako wanaodhani kwamba mapenzi haya ni ya kuiga watu wa mbali. Hao wangejikumbusha historia. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilipoendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili mwaka 1957/58, aliyeshinda alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, ambaye pia alifanya kazi ya uhariri kama wewe, Mhariri. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kitabuni mwaka 1960, nasi tukampata mpelelezi Bwana Msa. Ni kweli kwamba Bwana Msa ana kiko mdomoni na rafiki wa kumstaajabia, kama yule mpelelezi maarufu wa London. Lakini maiti anayoichunguza imekutwa mzimuni, na hofu inayoizunguka maiti hiyo ni hofu yetu wenyewe, ya watu wanaojua mzimu ni nini na hupelekewa nini. Wengine wote wanautazama mzimu, yeye anawatazama watu. Kitabu kilichofuata, cha mwaka 1968, kilitwaa jina la Giningi, mahali ambapo simulizi za Zanzibar hupataja kuwa ni makutano ya wachawi. Kwetu, basi, upelelezi na utishaji vilizaliwa nyumba moja.

Baada yake wakaja wengine: Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba kuanzia mwaka 1974, kisha Ben Mtobwa na wake, Joram Kiango. Nakala za zama hizo nilizozishika mimi ni ndogo, za kutosha mfuko wa nyuma wa suruali, karatasi yake imegeuka rangi ya chai na jalada lake ni jepesi. Ziliandaliwa zikunjwe, ziazimwe na zisomwe ndani ya basi. Siku hizi nyingi kati yake hazionekani isipokuwa kwa bahati, na muuzaji anayejua alichonacho hukitoza bei ya kitabu kipya, wala simlaumu, kwa kuwa naye anajua hakuna kingine nyuma yake. Maktabani nilisoma moja ambayo mgongo wake ulikuwa umeshonwa na kubandikwa kitambaa kwa uangalifu mkubwa, nikaigeuza kurasa kama ninayegeuza mgonjwa kitandani.

Najua wachapishaji watasema nini. Soko la uhakika ni shule. Kitabu kilichopitishwa kutumika darasani huuzwa kwa maelfu, ilhali riwaya ya kujisomea humsubiri mnunuzi mmoja mmoja. Rafiki yangu aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji amenieleza pia kwamba gharama ya kupanga kurasa na kuandaa mashine ni ile ile, uwe unachapa nakala 300 au 3,000, hivyo anayechapa chache kwa kuogopa hasara hulazimika kuuza kila nakala kwa bei kubwa, nayo bei kubwa ikamfukuza mnunuzi, ikawa kama alivyoogopa. Nauelewa ugumu huo. Ninachowaomba ni kwamba wasitupime kwa mizani ya maduka ya vitabu, ambamo wengi wetu hatuingii. Wafike stendi ya Msamvu wahesabu abiria wanaokwenda Mwanza, Mbeya na Kigoma, watu watakaokaa kitini saa kumi na zaidi, na ambao kupitia dirishani wananunua maji, korosho na magazeti. Riwaya ya Willy Gamba iliyochapwa kwa karatasi ya gazeti, jalada la rangi moja, kwa shilingi 3,000, ingepita katika dirisha lile lile. Warithi wa waandishi walipwe haki yao, na toleo la karatasi nzuri libaki kwa wenye kabati za vitabu.

Kwamba tunalipa, ushahidi upo kwenye simu. Waandishi chipukizi wa hadithi za upelelezi na za kutisha hurusha sehemu kumi za mwanzo bure katika makundi ya WhatsApp na Facebook, kisha, mpelelezi akiwa amefungwa kamba ndani ya gari linalotumbukia mtoni, husema kwamba anayetaka mwendelezo atume shilingi 1,000 kwa namba fulani. Watu hutuma. Nimetuma mimi, nimetuma hata usiku wa manane, na mara moja mwandishi alipokea fedha akanyamaza, mpelelezi wake hadi leo yumo ndani ya gari. Pamoja na hayo siyo njia inayonifaa: simu ya mlinzi inatakiwa iwe na chaji hadi asubuhi, na mwanga wake humfanya mtu asione gizani anapoinua macho, jambo ambalo kwa kazi yangu ni hatari kuliko mzuka. Zipo pia nakala za vitabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa bure. Nilisoma kimoja kwa njia hiyo, na sijivunii, kwa kuwa mwandishi hakupata hata senti na mimi nilipata mikesha mitatu.

Kwa upande wa kutisha ombi langu linaongezeka kidogo, kwa sababu hapo hata vya kuchapa upya ni vichache. Nchi ambayo mwaka 1995 watu wa Unguja na Pemba walilala nje kwa makundi wakimhofia Popobawa, shetani aliyesemekana kuvamia watu usiku, na ambayo bibi zetu walitukataza kutoka jioni kwa kuwaogopa mumiani, haiwezi kusema imekosa malighafi. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ina kipengele cha riwaya. Shindano ndilo lililotuletea Bwana Msa. Naamini waandaaji wakitamka wazi kwamba riwaya ya upelelezi na ya kutisha inakaribishwa, na haitatazamwa kama mtoto wa nje, mswada wa kutunyima usingizi utapatikana.

Na wewe, Mhariri, usidhani nimekusahau. Magazeti ya Kiswahili yalikuwa na desturi ya kuchapa hadithi kwa mfululizo, na mwandishi Eric Shigongo alipozichapa zake katika magazeti ya kampuni yake, kuna watu niliowaona wakinunua gazeti, wakafungua ukurasa wa hadithi, wakaisoma wakiwa wamesimama pale pale, kisha ndipo wakatazama vichwa vya habari. Nusu ukurasa kwa wiki ungetosha. Ni njia ya kulipia riwaya kidogo kidogo kama tunavyolipia umeme na vifurushi vya simu, na mtoto wa mama wa chai angeacha kunidai kitabu kabla sijakimaliza.

Mwisho, nina shida binafsi ambayo huenda msomaji mwenzangu akanisaidia. Miaka minne iliyopita, kabla sijaijua ile elimu ya kukagua, nilinunua kwa shilingi 1,500 kitabu kisicho na jalada. Kinaanzia ukurasa wa 5 na kuishia wa 118, katikati ya sentensi. Fundi cherehani anakutwa amekufa katika nyumba ya wageni karibu na stesheni ya reli, mlango umefungwa kwa ndani, na mguuni amevaa kiatu kimoja kisicho chake. Katika ukurasa wa 117 mpelelezi anawaita wote sebuleni, katika ule wa 118 anaomba kila mmoja avue viatu, na mjane anakataa. Sijui jina la kitabu wala la aliyekiandika, na nimewaza kuhusu kiatu kile usiku mwingi kuliko ninavyoweza kukiri. Anayekifahamu namwomba aandike kupitia safu hii hii. Ataje jina la kitabu tu. La muuaji asilitaje.

Msomaji wa Usiku,
Morogoro