Kabla ya kuandika "hakuna utafiti uliofanyika"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanafunzi wa uzamili wanaoandaa mapendekezo ya utafiti, pamoja na wasimamizi wao. Nilikuwa mkutubi katika chuo kimoja hapa Morogoro hadi nikastaafu. Sentensi iliyoniumiza kuliko zote ni hii: "Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu mada hii." Mara nyingi aliyeiandika alitafuta kwa maneno mawili kwenye simu, akaishia ukurasa wa kwanza wa majibu.

Mwezi Juni 2001, huko Baltimore, Marekani, mwanamke wa miaka 24 mwenye afya njema alifariki baada ya kujitolea katika utafiti wa pumu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alikuwa amevutishwa dawa ya heksamethoniamu. Mtafiti alipekua PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ambayo wakati ule ilianzia mwaka 1966. Makala za miaka ya 1950 zilizotahadharisha kuhusu madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu zilikuwepo maktabani.

Huku kwetu hatari ya kupitwa ni kubwa zaidi, maana mengi yaliyoandikwa kuhusu nchi hii bado yako kwenye karatasi. Chukueni ugonjwa wa michirizi kahawia ya mihogo. Utakuta mwanafunzi anaanza mapitio yake na mlipuko wa miaka ya 2000, wakati H. H. Storey aliueleza ugonjwa huo mwaka 1936, akiwa kituo cha Amani, Tanga. Tena anayetafuta kwa jina la kisayansi la muhogo la sasa, Manihot esculenta, peke yake atazikosa kazi za wazee, kwa kuwa wengi wao waliuita mmea huo Manihot utilissima.

Kwa hiyo andika kwanza majina yote ya kitu chako, ya sasa na ya zamani. Shika makala moja nzuri ya karibuni, fuata marejeo yake kurudi nyuma, kisha angalia nani wameinukuu baadaye. Makala ambayo hukuifungua mwenyewe isiingie kwenye orodha, hasa iliyotajwa na akili mnemba, ambayo hutunga hata makala zisizokuwepo.

Ukifika kuandika, acha ule mtindo wa "Fulani (2012) anasema, naye Fulani (2015) anasema". Huko ni kuita mahudhurio. Wakusanye kwa hoja: nani anawalaumu inzi weupe kwa kueneza ugonjwa huo wa mihogo, nani anaona vipando ndivyo vinavyosambaza zaidi, kila mmoja kwa ushahidi gani, na wapi wote wamenyamaza. Pengo la utafiti liko hapo waliponyamaza.

Ombi langu kwa vyuo: kila tasnifu iambatishwe ukurasa mmoja unaoonyesha mwanafunzi alitafuta wapi, kwa maneno gani, tarehe gani, akapata kazi ngapi, akaacha zipi na kwa nini. Watafiti wa tiba wanaofanya mapitio ya kimfumo hudaiwa maelezo hayo tayari. Msimamizi akikuta "hakuna utafiti" bila ukurasa huo, airudishe kazi siku hiyo hiyo.

Mkutubi mstaafu,
Morogoro