Kwa binamu yangu aliyesema Annabelle wa tatu hatishi

Binamu yangu mpenzi,

Habari za siku nyingi, na shangazi anaendeleaje na mguu?

Umenitumia sauti ya dakika nne kuniambia kwamba ile picha niliyokusisitizia uitafute, Annabelle Comes Home, ya tatu ya yule mwanasesere mwenye mapepo, umeiangalia mpaka mwisho na hukuona cha kutisha. Hata mtu mmoja hakufa, umesema. Picha ya watoto. Nimeisikiliza mara mbili nikiwa kwenye daladala, nikaona nikujibu kwa maandishi, tena hapa ambapo wengine watasoma, maana si wewe peke yako unayeilalamikia hivyo.

Ni kweli hakufa mtu, nami naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Unazikumbuka mbili zilizotangulia, tulizitazama sote. Ile ya 2014 ya John R. Leonetti, hata hatujakaa vizuri, majirani wameshauawa usiku. Ile ya 2017 ya David F. Sandberg inaanza na mtoto wa fundi wa wanasesere kugongwa na gari mbele ya wazazi wake. Wewe ulijifunika kanga usoni na kuniuliza kila mara, "Ameondoka?" Halafu ikaja hii ya 2019. Aliyeiongoza, Gary Dauberman, ndiye aliyeandika hizo mbili, na alikuwa anaongoza filamu kwa mara ya kwanza. Sehemu kubwa ya hadithi akaifungia ndani ya nyumba moja, usiku mmoja, na wasichana watatu ambao wakubwa wao hawapo.

Hiyo si ni Muheza kwa bibi? Wakubwa wamekwenda msibani, tumebaki sisi na chemli, na kile chumba cha uani chenye masanduku ya babu tulichokatazwa kukifungua.

Kwa akina Warren, mume na mke kwenye filamu ambao walikuwa watu wa kweli, chumba hicho kimejaa vitu walivyovikusanya kwenye kazi yao ya kupambana na mapepo: gauni la bi harusi, deraya ya samurai, runinga inayokuonyesha utakachofanya sekunde chache kabla hujakifanya. Ed na Lorraine wamemleta Annabelle nyumbani baada ya kugundua njiani, gari limewazimikia kando ya makaburi, kwamba mwanasesere huyo ni kama taa na mizimu mingine ni kumbikumbi. Wakamfungia kwenye kabati la vioo, kasisi akalibariki. Mwaka mmoja baadaye wanasafiri na kumwacha binti yao Judy na Mary Ellen, msichana anayemwangalia, na rafiki yake Mary Ellen anayeitwa Daniela anajikaribisha mwenyewe.

Umesema mapepo ni mengi mno, kila moja linapita kama kwenye maonyesho. Hapo nakubaliana nawe kidogo. Yule jitu mwenye umbo la mbwa anayemkimbiza Bob mpaka kwenye banda la kuku, wakati maskini alikuja na gitaa kumwimbia Mary Ellen, ningeweza kumwacha. Lakini rudia pale penye ule mchezo wa kisanduku, Feeley Meeley. Ni mchezo wa kweli, uliuzwa Marekani tangu 1967: unatumbukiza mkono kwenye tundu na kupapasa bila kuona mpaka utambue umeshika nini. Hakuna damu pale. Kuna mkono wa msichana ndani ya giza, na wewe unajua kitu kitaushika, hujui lini. Na zile sarafu zinazobingirika sakafuni! Mimi nilipandisha miguu kwenye kochi.

Lakini nilichotaka kukuambia hasa ni kuhusu Daniela, maana umemwita mpumbavu. Umesema, "Nani mwenye akili anafungua kabati lenye onyo la wazi namna ile?"

Mtu aliyefiwa, binamu. Baba yake alikufa kwenye ajali ya gari, na aliyekuwa anaendesha ni yeye. Haingii chumbani kwa uchokozi. Anaiba funguo na kushika kila kitu kimoja baada ya kingine kwa sababu anatafuta hata kimoja kitakachomfikisha kwa baba yake amwombe radhi.

Siku mjomba wako alipofariki alikuwa amenipigia simu mara tatu. Wewe hukulijua hili, wala mama sijamwambia. Tulikuwa tumegombana juu ya ada ya chuo, nikaitazama simu ikiita na kuiacha. Usiku tukaambiwa. Kwa miezi niliendelea kuipiga namba yake mpaka ilipopewa mtu mwingine, mwanamke mmoja mpole aliyeniambia nimekosea namba, nikakata bila kumjibu. Kama wakati ule ningeambiwa kuna nyumba yenye chumba cha vitu vinavyozungumza na wafu, ningeiba funguo. Kabati ningelifungua. Onyo ningelisoma vizuri kabisa na bado ningelifungua.

Sasa rudi mwisho, ile sherehe ya kuzaliwa ya Judy. Watoto waliokuwa wakimkwepa kwa sababu ya kazi ya wazazi wake wamekuja, kuna keki, jua linawaka, na nadhani hapo ndipo ulipoanza kuchezea simu. Lorraine anakaa na Daniela pembeni na kumpa ujumbe wa baba yake, kwamba haikuwa kosa lake. Vera Farmiga, anayemwigiza Lorraine, anayasema hayo kwa sauti ya chini, kama shangazi anavyosema na mtu jikoni. Nililia, nikasimamisha picha, nikaenda kunawa uso, nikarudi. Filamu ambayo ingeua nusu ya watu wake isingepata nafasi ya kukaa na msichana mmoja namna ile.

Lorraine Warren mwenyewe alifariki Aprili 2019, miezi miwili kabla picha haijatoka Juni, nao wameitoa kwa kumbukumbu yake. Wapo wengi wasiowaamini yeye na mumewe, sitabishana nao. Mwanasesere wao halisi, kwa taarifa yako, hafanani kabisa na huyu wa filamu: ni Raggedy Ann, wa kitambaa, nywele za uzi mwekundu. Nilipoona picha yake nilimkumbuka yule mwanasesere ambaye bibi alitushonea kwa vipande vya kanga, tukampa jina la shangazi.

Jumamosi nakuja kwako. Watoto wawahi kulala, kwao bado mapema. Tutaiangalia tena, na ikifika ile sherehe usiniulize kitu, nisogelee tu, kama ulivyofanya Muheza wiki ile ya msiba ulipoiacha chemli iwake mpaka alfajiri.

Binamu yako