Salamu za Krismasi: Kengele Iliyotokana na Minyororo

Ndugu wasomaji wapendwa,

Heri ya Krismasi, na mwaka mpya unaobisha hodi uwakute salama. Majira haya ni ya kengele, nami naomba kuwakumbusha moja ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kanisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watetezi wa wagonjwa wa akili nchini Marekani waliziomba hospitali minyororo na pingu zilizokuwa zimewafunga wagonjwa. Kisha vyuma hivyo vikayeyushwa mjini Baltimore, vikamiminwa katika kalibu, ikatoka kengele yenye uzito wa ratili 300, yaani takriban kilo 136.

Habari za kufunguliwa kwa minyororo kwa kawaida humtaja daktari Mfaransa Philippe Pinel, na hapo mwenzake hupunjwa. Jean-Baptiste Pussin hakuwa daktari. Aliingia hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, akiwa mgonjwa, akapona, akabaki humo hadi akawa msimamizi wa wagonjwa wa akili, akisaidiwa na mkewe. Naye ndiye aliyeiondoa minyororo mwaka 1797, wakati Pinel alikwisha kuhamia hospitali nyingine, Salpêtrière. Tusitie chumvi, hata hivyo: waliokuwa wakali waliendelea kuvishwa vazi la kitambaa lililowafunga mikono.

Lakini katika siku hizi ambazo watu hurejea makwao, moyo wangu huenda zaidi Aro, Abeokuta, nchini Nigeria. Huko, kuanzia mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwapangia wagonjwa vyumba katika vijiji jirani na hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumtunza. Asubuhi mgonjwa alikwenda kutibiwa. Matibabu yakiisha alirudi kijijini, akapika, akalima, akasalimiana na majirani. Ndugu naye alijifunza namna ya kuishi na maradhi hayo kabla hawajarudi kwao, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa na thamani sawa na dawa.

Kwingineko somo hilo halikuzingatiwa. Klorpromazini, dawa ya maradhi ya akili, ilipoanza kutumika mwaka 1952, iliwatuliza wengi, na katika miongo iliyofuata hospitali kubwa za Marekani zikawatoa wagonjwa kwa maelfu. Ila huduma walizoahidiwa nje hazikutosha, na wengine wakaishia barabarani au gerezani.

Salamu hizi basi ziwafikie wauguzi walio zamu usiku wa mkesha, na mgonjwa anayesikiliza nyayo za wageni zikipita kitanda chake. Zikufikie nawe ndugu yake uliyesimama nje ya wadi, mfuko wa nguo safi mkononi, ukijiuliza utaanza kwa kusema nini. Anza kwa kumwita jina lake, kisha umpe habari za nyumbani.

Krismasi njema kwenu nyote.