Hita ya karavani ikitoboka isizibwe, ibadilishwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme na wenzangu wa Malindi, Watamu na Mambrui wenye karavani za zamani, zile zilizoletwa na Wazungu miaka hiyo zikabaki zimeegeshwa chini ya mivinje, na saa hizi watu wanazinunua, wanazipiga rangi, wanatia magodoro mapya na shule zikifungwa mwezi wa nane wanazivuta na familia nzima kwenda bara. Ni jambo zuri na nawaunga mkono. Ila mimi ni fundi wa gesi na kuna kitu ndani ya hizo karavani kinaninyima usingizi, nacho ni hita.

Huku kwetu hita ni ya nini jamani, na joto hili? Basi inakaa miaka na miaka hakuna aliyeigusa, na miaka yote hiyo inakula chumvi, hasa wakati wa kusi upepo ukivuma kutoka baharini hadi bawaba za makabati zinaota kutu. Halafu inakuja kuwashwa mara ya kwanza wapi? Nyahururu, saa nne usiku, mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari, baridi chini ya digrii 10, madirisha yamefungwa na watoto washalala. Hapo ndo watu wanaijaribu, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa asiyeijua, hita nyingi za karavani za Ulaya, kama zile za Truma za Ujerumani, zinachoma gesi ndani ya chemba ya chuma iliyofungwa kabisa. Hewa ya kuwakia inaingia kutoka chini ya sakafu, moshi unatokea juu kwa bomba lake, na nyinyi mnaolala mnapata joto la kile chuma tu, ule moto hamvuti pumzi moja nao. Salama yote iko kwa hicho chuma. Kikitoboka tundu dogo tu la kutu, ama bomba la moshi likichomoka, moshi unaingia chumbani na ndani yake kuna kaboni monoksaidi. Hiyo gesi haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuisha nguvu, yaani sisi watu wa pwani tutadhani ni malaria, mtu atameza Panadol ajilaze, na kulala humo ndo hatari yenyewe. Ukiona watu wawili watatu mnaumwa kichwa pamoja ndani ya karavani, tokeni wote nje kwenye hewa kwanza, zimeni gesi, halafu mwende hospitali.

Sasa kilichonifanya niandike. Nafungua hita za watu nakuta chemba imezibwa na gundi ya epoksi, nyingine imechomelewa na welda, na mwenye karavani kauziwa akaambiwa hita ni nzima. Ndugu zangu mafundi, gundi hiyo joto la moto linaiunguza inapukutika. Na kuchomelea nako si dawa, hicho chuma ni chembamba na kishaliwa na kutu, ukikichoma unakidhoofisha pembeni pa kiraka, na kila hita ikiwaka kinatanuka, ikizimwa kinajikunja, mpaka kinapasuka tena palepale. Chemba ikitoboka inatolewa, inatiwa nyingine ya kampuni ileile. Kule Ujerumani hata kama haijatoboka, hizo za Truma chemba na bomba lake la moshi vinabadilishwa vikifika miaka 30, na spea mpya ina mwaka wake umegongwa juu yake ijulikane. Hebu piga hesabu, karavani ya mwaka 1985 imekaa hapa Casuarina kwenye hewa ya bahari, hiyo ina umri gani sasa?

Sio kila hita inayokataa kuwaka imekufa lakini, hili pia niliseme manake kuna wanaotupa kitu kizima. Nyigu wanapenda sana kujenga vijumba vyao vya udongo ndani ya bomba la moshi na buibui wanatanda ndani ya bana, yaani pale gesi inapowakia, ukisafisha tu moto unarudi bluu. Pailoti, ule moto mdogo wa kuwashia, ikiwaka ukiachia kitufe inazima, mara nyingi ni themokapo, ile fimbo ndogo inayohisi moto na kuruhusu gesi ipite, na inabadilishwa bila kuvunja kitu. Zile za Marekani zenye feni ya volti 12, angalia betri kwanza, feni isipozunguka kwa kasi ya kutosha swichi ya upepo haiungi umeme na gesi hairuhusiwi kutoka, na hiyo ni kinga imewekwa makusudi, kuna vijana wanaunga waya kuiruka na hilo ni kosa kubwa sana. Lakini moto ukiwa wa manjano hata baada ya kusafisha, au ukiona masizi kwenye kava upande wa chumbani, usiwashe tena hata kidogo, toa kava uingize tochi uangalie chemba.

Bomba la moshi lipande juu moja kwa moja lisilegee katikati, manake likilegea maji yanatuama yanaziba njia. Ringi ya mpira inayolishika pale kwenye hita, kila ukifungua tia mpya. Mpira wa gesi na regulata navyo vina umri wake, miaka 10 inatosha, hata kama kwa macho bado vizuri. Na usome kile kibati cha hita kabla ya kununua regulata, kuna karavani za Kijerumani za zamani zinazotaka nguvu ya gesi ya milibari 50 na za baadaye zinataka 30, ukichanganya moto hautakaa sawa. Kuvuja tunatafuta kwa povu la sabuni. Kiberiti hapana.

Kama spea haipatikani au bei inakushinda, hita ya dizeli ni njia moja, zinauzwa mtandaoni na ile ya kilowati 2 haili mafuta mengi, chini ya nusu lita kwa saa, ila nayo ina moshi wake ambao lazima utolewe nje kabisa, usiishie chini ya sakafu wala karibu na dirisha, na kule juu ambako hewa ni nyembamba inajaa masizi haraka. Ukilala penye umeme, hita ndogo ya feni ya umeme inatosha kabisa. Na kwa kweli mablanketi mazito na soksi vinatosha familia nyingi. Hata mwenye hita nzima ya gesi ajue hiyo kubwa ya Truma ikiwaka kwa nguvu yote inakula karibu gramu 480 kwa saa, mtungi wa kilo 6 hauchukui hata siku moja.

Jiko la makaa ndani ya karavani, hapana. Hata dirisha likiwa wazi kidogo, hata makaa yakiwa yameshika mekundu bila moshi, kwa sababu gesi inayoua haionekani na makaa mekundu ndo yanaitoa. Kila mwaka baridi ikiingia tunasoma habari za watu waliolala na jiko wakakutwa wamekufa, na karavani ni ndogo kuliko chumba chochote.

Nunueni kengele ya kaboni monoksaidi, yenye alama EN 50291-2 ambayo ni ya karavani na maboti. Ifungwe usawa wa vichwa vya wanaolala. Ya kunusa gesi ya mtungi ni nyingine na inakaa chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito inatambaa chini, na yale matundu ya sakafuni chini ya kabati la mtungi msiyazibe kwa kuogopa mende, ndo njia yake ya kutokea.

Wakaguzi wa magari nao nawaomba, karavani ikiletwa wasiishie kwa taa na matairi, wamulike na bomba la hita.

Anayepanga kusafiri mwezi wa nane aipeleke kwa fundi sasa hivi, iwashwe hapahapa Malindi mchana, milango wazi. Chemba ikihitajika itatoka Ulaya, ishuke Mombasa, ilipiwe ushuru, na hiyo ni wiki kadhaa.

Fundi wa gesi,
Malindi