Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ndege, Dawa na Wanaobaki Kijijini

Ndugu wanachama, wachungaji wetu, na nyinyi mliofika hapa Kisumu kutoka Nakuru, Kakamega na Kitale, Bwana asifiwe.

Mweka hazina atawasomea hesabu, nami sitamwingilia. Ombi la kamati nalitanguliza ili mlipime mkinisikiliza: mwaka ujao tupunguze saa za ndege tunayokodi kupeleka timu zetu za matibabu na Injili, na fedha zitakazookolewa ziende kwa wainjilisti na wauguzi wanaoishi huko huko Pokot Kaskazini na Turkana Kusini.

Najua wapo watakaonung'unika. Ndege ndiyo iliyotukutanisha. Wengi wetu tulivutwa na habari za MAF, shirika la ndege za misheni lililoanzishwa 1945 na marubani waliotoka vitani, au za madaktari wa AMREF ambao tangu 1957 wamekuwa wakiruka kuwafuata wagonjwa waliko. Na mwaka huu laga, yaani mito ya msimu, zilipojaa, magari yakakwama ng'ambo, ni ndege ndogo aina ya Caravan iliyofikisha timu ya macho. Kwa hiyo simsikilizi anayesema ndege ni anasa.

Lakini tazameni inavyokula hela. Inatoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ikija kutuchukua Kisumu, na saa za kuja ikiwa tupu tunazilipia sisi. Joto la Turkana huifanya hewa kuwa nyepesi, mabawa yakakosa nguvu, ndiyo maana rubani hutaka kuruka asubuhi mapema na hakubali mzigo uzidi. Mliosafiri mnaijua ile mizani: unapanda wewe na begi lako, na mzee wetu mmoja wa kanisa alivua viatu akidhani vitampunguzia. Siku hiyo sanduku la vitabu vya nyimbo liliachwa, dawa zikaenda. Mimi niliona ni haki. Kwaya bado hawajanisamehe.

Kule tunakotua, vijana hutangulia kuutembea uwanja kutoka mwanzo hadi mwisho, wakifukuza mbuzi na kubomoa vichuguu vilivyoota tangu safari iliyopita. Upepo unasomwa kwa gunia la unga lililofungwa juu ya mti. Katika nyufa za vichuguu kama hivyo ndimo anamojificha mdudu mdogo, aina ya usubi, anayeeneza kala-azar, na ugonjwa huo ndio unaobeba hoja yetu.

Kuna maradhi yanayofaa kutibiwa na timu ya kuruka. Trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, ni mojawapo. Kope zikishageukia ndani na kukwaruza jicho, mtaalamu aliyefunzwa humdunga mgonjwa ganzi, akakata na kushona ukingo wa kope, na kazi ikaisha muda si mrefu. Mama mmoja alikuja na kibanio cha chuma kikining'inia shingoni, cha kung'olea kope zinazomchoma. Baada ya upasuaji muuguzi alimwambia sasa akitupe. Akakataa: dada yake anakihitaji.

Kala-azar haiendi hivyo. Homa isiyoisha, bandama linavimba, mtoto anakonda, na asipotibiwa kwa kawaida hufa. Tiba iliyozoeleka katika eneo letu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2010, ni sindano kila siku kwa siku 17. Ndege yetu inaondoka mchana uleule. Kijana mmoja aliyepimwa katika kambi yetu ya matibabu na kukutwa nayo alipelekwa Hospitali ya Kacheliba na mwinjilisti wetu pamoja na mhudumu wa afya wa jamii, na mwinjilisti akakaa naye mpaka sindano ya mwisho, akimpikia uji na kumtafutia maji. Waliporudi, wazee wa boma lile wakamwuliza mwinjilisti Mungu wake anaabudiwa siku gani. Ushirika unaokutana sasa chini ya mti pale ulianzia kwenye swali hilo. Mahubiri ya siku ya kambi, pamoja na kipaza sauti chake, hakuna aliyeyataja.

Wala si jambo geni kwetu watu wa magharibi. Reli ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, mwisho wa 1901, na 1902 wamisionari wa Friends, yaani Waquaker, wakafika Kaimosi. Reli iliwafikisha karibu tu. Waliolieneza kanisa kutoka kijiji hadi kijiji walikuwa wenyeji, tena kwa miguu, na leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Jambo moja kamati imeshalipitisha bila kuwangoja: hakuna kuhubiri kwenye foleni ya wagonjwa. Anayesubiri dawa hana nafasi ya kukataa maombi, na asiye na nafasi ya kukataa hatuwezi kumhesabu kuwa ameitikia. Atibiwe kwanza, aende zake. Akitaka kutuuliza, atatupata.

Kuhusu dawa, mfadhili mmoja alituletea maboksi yaliyobakiza majuma machache kuisha muda. Tulishukuru, tukayarudisha. Na madaktari wageni mnaowaalika watume vyeti vyao mapema, kwa sababu bila kibali cha muda cha baraza la madaktari, na bila idhini ya idara ya afya ya kaunti, hawatamgusa mgonjwa katika kambi yetu.

Mtapigia kura mambo mawili baada ya chai. La kwanza ni posho ya kila mwezi kwa wainjilisti wanaokaa vituoni, pamoja na bima ya afya ya serikali, SHA, kwa familia zao. La pili ni ndege ibaki kwa timu za upasuaji na kwa dharura, na kila tunapoweza tuikodi kwa kuchangia na mashirika mengine yanayoelekea kaskazini. Ada za uanachama zipokewe na mweka hazina kabla ya kura, maana asiyelipa hapigi. Wauguzi walio tayari kukaa kituoni miezi mitatu au zaidi wampe katibu majina yao leo.